Chaneli nane, mwili mmoja: kisa cha mkondo uliopita kwa jirani

Usuli

Kisa hiki ni cha karakana ndogo ya vifaa tiba jijini Arusha, iliyojaribu kutengeneza kifaa cha kukaza misuli ya miguu kwa umeme. Majina na kila kinachoweza kumtambulisha mtu au taasisi nimeviondoa. Vipimo vya saketi nimeviacha, maana bila vipimo hakuna cha kujifunza hapa.

Tulikuwa wanne: mhandisi kijana aliyechora saketi, fundi wa maabara aliyelehemu na kufunika kila kitu kwa mikono yake, mama mmoja mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akija kutoka Moshi kila baada ya wiki mbili, na mimi, niliyepewa kazi ya kukagua mchoro kabla haujajengwa. Kosa la msingi nitakalolisimulia lilipita mbele ya macho yangu, nikaliwekea sahihi.

Mama huyo ndiye aliyetuletea shida yenyewe. Anahudumia vijana walioumia uti wa mgongo, wengine kwa ajali za pikipiki, wengine kwa kuanguka kutoka juu ya miti. Kwa wengi wao neva zinazokwenda miguuni bado ni hai. Kilichokatika ni njia ya ujumbe kutoka kwenye ubongo. Neva ya namna hiyo ukiipiga kwa umeme kidogo, msuli wake unakaza. (Pale ambapo chembe hai ya neva inayoongoza msuli imekufa yenyewe, mbinu hii haisaidii, na mgonjwa aambiwe hivyo mapema.) Alitaka kifaa cha kupandikizwa chenye chaneli nne kwa kila mguu: kunyoosha goti, kunyoosha nyonga, kuinua wayo na kusukuma wayo. Jumla nane.

Duniani jambo hili si geni. Giles Brindley wa London alianza kupandikiza vichochezi vya neva za kibofu mwishoni mwa miaka ya 1970, na vifaa hivyo havina betri ndani: nguvu hupita kwenye ngozi kwa mawimbi, kutoka koili ya nje kwenda koili ya ndani. Vifaa vya kusikia vinavyopandikizwa sikioni vimekuwa na elektrodi (ncha za chuma zinazofikisha umeme kwenye neva) zaidi ya 20 kwa miongo kadhaa. Lengo letu lilikuwa kujifunza kutengeneza chombo cha aina hiyo hapa hapa, tukijua kila waya unafanya nini na kwa nini. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba toleo hili halitaingia mwilini mwa mtu wala mnyama. Mwisho wake ni ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Saketi ilivyopangwa

Kila chaneli ilikuwa na elektrodi ndogo ya platini ya milimita mraba 2, na zote nane zilirudisha mkondo kwenye bamba moja kubwa la platini, anodi ya pamoja. Pigo moja lilikuwa miliampia 1 kwa maikrosekunde 200, mara 30 kwa sekunde. Zidisha: chaji, yaani kiasi cha umeme, ya kila pigo ni nanokulombu 200. Ukiigawa kwa eneo la elektrodi unapata maikrokulombu 10 kwa sentimita mraba. Platini kwa kawaida hutajwa kuvumilia kati ya 50 na 150, na kwa kanuni ya Shannon ya mwaka 1992, ya kukadiria chaji isiyoumiza neva, inayojumlisha logi ya chaji na logi ya msongamano wake, tulipata 0.3, wakati wabunifu wengi huweka ukomo wao kwenye 1.5 au juu yake kidogo. Upande huo tulikuwa na nafasi ya kutosha.

Hatari kubwa zaidi ni mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Ukiisukumia neva chaji bila kuirudisha, maji yanayogusa platini yanaanza kuchanganuka, asidi au besi inajengeka, na neva inaungua polepole bila mtu kuona. Ndiyo maana kila chaneli iliwekewa kapasita (kipande kinachohifadhi chaji) ya maikrofaradi 1 kwenye waya wake. Kapasita haipitishi mkondo wa moja kwa moja, hivyo hata saketi ikiharibika kwa nyuma, yeye anasimama mlangoni. Kila pigo linamwachia volti 0.2, na baada ya pigo swichi inaunganisha chaneli na anodi kupitia rezista (kipande kinachokinza mkondo) ya omu 1,000 ili chaji irudi ilikotoka. Kurudi huko kunachukua milisekunde chache, na kutoka pigo moja hadi jingine la chaneli ileile kuna milisekunde 33. Muda upo tele.

Mpangilio wa kutoa chaji kwa swichi na rezista ndio niliousifu kwenye ukaguzi. Ni rahisi, una vipande vichache, hauhitaji chanzo cha pili cha mkondo. Niliandika pembeni mwa mchoro, "Safi." Karatasi hiyo ninayo mpaka leo.

Mapigo ya chaneli nane yalipangwa kwa zamu, kila chaneli ikipata nafasi ya takriban milisekunde 4. Msuli hauhisi tofauti hiyo ndogo, kwa kuwa mkazo wa pigo moja hudumu makumi ya milisekunde.

Yaliyotokea

Vipuri vilifika kwa kifurushi kupitia Namanga. Fundi alilehemu bodi tatu. Tulipima kila chaneli juu ya meza, moja baada ya nyingine, nyingine zikiwa zimezimwa. Zote nane zilipita kwenye bodi zote tatu. Umbo la pigo lilikuwa zuri, chaji ilirudi yote, mabaki hayakuonekana.

Bodi zikafunikwa kwa mpira wa silikoni, zikatumbukizwa kwenye beseni la maji ya dripu yenye chumvi asilimia 0.9 tuliyonunua duka la dawa, beseni likawekwa nyuzi joto 37. Ilikuwa Julai, na asubuhi za Arusha mwezi huo zina baridi, hivyo hita ilifanya kazi usiku kucha.

Baada ya wiki moja tukawasha chaneli zote nane pamoja kwa mara ya kwanza. Kwenye kila waya kulikuwa na rezista ndogo ya kupimia. Mhandisi kijana alikuwa akitazama waya wa chaneli ya tatu. Pigo lake lilionekana pale lilipotarajiwa. Lakini kabla yake na baada yake vilionekana vipigo vingine saba, vidogo, vimegeukia upande wa pili.

"Mwalimu, hii chaneli inapiga wakati si zamu yake," akaniambia.

Tukazihesabu. Kila chaneli nyingine ilipopiga, ya tatu ilijibu kinyume. Na haikuwa ya tatu peke yake.

Wiki tatu za unyevu

Nilisema maji yameingia. Nililisema kwa uhakika, na kwa sababu nilikuwa mkubwa kuliko wote mezani, likawa ndilo jibu.

Wazo hilo halikutoka hewani. Mpira wa silikoni hupitisha mvuke wa maji. Watu wengi hudhani unazuia maji kama chuma, na hapo ndipo vifaa vingi vya majaribio hufia. Kinachokinga saketi chini ya silikoni ni mshikamano: mpira ukiwa umeng'ang'ania bodi kila mahali, mvuke hauna nafasi ya kugeuka kuwa maji. Ukiacha kiputo kidogo, au alama ya dawa ya lehemu, au chumvi ya kidole, maji yanakusanyika hapo hapo, na chumvi hiyo inazidi kuyavuta. Njia mbili za umeme zilizopaswa kutengana zinaunganishwa na utando wa maji ya chumvi. Tulijua pia kwamba bodi ya kwanza ilisuuzwa kwa maji ya betri ya dukani baada ya maji safi ya maabara kuisha. Kwa hiyo mtuhumiwa alikuwepo, na alikuwa na rekodi.

Tulikata mpira wa bodi ya kwanza kwa wembe. Mkavu. Tukaosha upya bodi ya pili kwa pombe ya isopropili na maji yaliyoondolewa madini, tukaifunika tena, tukasubiri mpira ukomae, tukaitumbukiza. Vipigo vikarudi vilevile, kwa ukubwa uleule, tangu dakika ya kwanza. Tukasema basi uvujaji uko kwenye viungio vya waya. Tukakata viungio. Vikavu pia. Siku ishirini na moja zilipita namna hiyo, na bodi mbili kati ya tatu zikawa hazifai tena kwa kipimo kirefu.

Mama wa fiziotherapia alikuja Ijumaa yake, akaona mabaki ya mpira mezani. Tukamweleza. Alisikiliza, kisha akauliza swali lililotufanya tunyamaze: "Sasa wanangu, zikiwaka moja moja hakuna shida?"

Hakuna, mama.

"Na maji ni yaleyale?"

Nyota kavu

Jioni ile mhandisi kijana aliliacha beseni kabisa. Alichukua rezista tisa akazilehemu kama nyota: miguu nane ya omu 500, mmoja kwa kila elektrodi, na mguu wa tisa wa omu 200 kwa niaba ya anodi. Nyota hiyo ndiyo mwili wetu wa bandia, na haina tone la maji. Akaiunganisha na bodi ya tatu, ile ambayo haijakatwa. Vipigo saba vya kinyume vikatokea juu ya meza kavu.

Baada ya hapo hesabu ilikuwa ya dakika tano, na inaniuma kwamba haikufanywa siku ya ukaguzi. Chaneli ya pili inapopiga, chaneli nyingine saba ziko kwenye mapumziko yao, maana yake swichi zao zimeunganishwa na anodi ili zitoe chaji. Kila moja ni mlango uliofunguka: omu 500 za mwili na omu 1,000 za rezista, jumla 1,500. Milango saba ya 1,500 iliyo sambamba ni sawa na mlango mmoja wa omu 214. Anodi yenyewe ni omu 200. Mkondo hauna utii wa mchoro. Unagawanyika kwa ukinzani, na hapa uligawanyika karibu nusu kwa nusu: asilimia 52 ukapita kwenye anodi na asilimia 48 kwa majirani, kila jirani akibeba takriban maikroampia 69. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachoonyesha umbo la umeme, nyota ilitoa karibu namba hizo hizo.

Kapasita haikusaidia hapa, wala isingeweza. Kwa pigo la maikrosekunde 200, mkondo mdogo kama huo unaibadilisha kwa milivolti 14 tu. Kwake ni mkondo wa kwenda na kurudi, na wa namna hiyo huupitisha bila kinyongo.

Chaneli ikipimwa peke yake, nyingine zimezimwa na swichi zao zimekata njia. Majirani hawapo. Kipimo chetu cha juu ya meza kilikuwa kinaondoa ugonjwa kabla ya kuutafuta.

Kuna jambo moja tulilolikokotoa baadaye ambalo lilinitisha zaidi. Maji ya dripu yanapitisha umeme vizuri kuliko nyama ya mwili. Chukua mwili wenye ukinzani mara mbili ya nyota yetu, yaani omu 1,000 kwa kila elektrodi na 400 kwa anodi. Majirani saba sasa ni omu 286 dhidi ya 400, na sehemu inayopita kwao inapanda hadi asilimia 58. Mwilini hali ingekuwa mbaya kuliko tulivyoiona kwenye beseni.

Fikiria maana yake kwa mtu. Neva huamshwa chini ya elektrodi hasi. Jirani aliyegeuzwa kuwa chanya bila kutarajiwa huituliza neva iliyo chini yake, na sura nzima ya umeme kuzunguka neva hubadilika. Mtaalamu angepanga nguvu ya kila chaneli mgonjwa akiwa amelala, moja moja, akaandika kiwango ambacho goti linanyooka. Kisha angewasha zote ili kijana asimame, na viwango vyote alivyoandika visiwe vya kweli tena.

Maamuzi ya marekebisho

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuongeza rezista ya kutoa chaji kutoka omu 1,000 hadi 47,000. Linavutia, kwa kuwa ni kubadilisha kipande kimoja kwa kila chaneli. Uvujaji unashuka hadi asilimia 3 hivi. Lakini sasa kapasita haimaliziki: mpaka pigo linalofuata, karibu nusu ya volteji bado ipo. Mabaki yanalimbikizwa hadi yatulie kwenye takriban volti 0.2 kabla ya kila pigo. Tungekuwa tumeondoa mkondo wa jirani kwa kuiacha elektrodi ikikaa na volteji isiyokwisha, yaani lile lile tulilokuwa tunalikimbia. Tulilikataa.

La pili lilikuwa kuipa kila chaneli chanzo chake cha mkondo kilichotengwa kabisa na vingine, na anodi yake. Kwa usalama wa umeme hilo ndilo bora. Kwa chaneli nane lilizidisha ukubwa wa bodi na idadi ya waya zinazotoka kwenye kifuniko, na kila waya unaotoka ni sehemu nyingine ambapo mshikamano wa mpira unaweza kushindwa. Tuliliweka kando, hatukulizika.

Tulichochagua ni utaratibu wa muda. Chaneli yoyote inapopiga, swichi zote nane zinakata njia, pamoja na maikrosekunde 50 kabla na 50 baada. Hiyo ni maikrosekunde 300 kwa kila pigo, milisekunde 2.4 kwa mzunguko mzima wa milisekunde 33. Zinabaki karibu 31 za kutoa chaji, na kapasita inahitaji kama 8.5 tu kwa rezista ileile ya omu 1,000. Hakuna kipande kilichobadilishwa. Ilibadilishwa programu ya ndani, mistari michache.

Nilisita kwa sababu moja: usalama sasa unategemea programu na swichi. Kwa hiyo tuliuliza swichi ikikwama itakuwaje. Ikikwama ikiwa imeunganisha, jirani mmoja anavuja kama asilimia 12. Si vizuri, ila inaonekana na inapimika. Ikikwama ikiwa imekata, chaneli yake haitoi chaji, na kila pigo linaongeza volti 0.2 kwenye kapasita. Kwa volti 6 za chanzo chetu, baada ya mapigo kama 26, yaani chini ya sekunde moja, volteji imekwisha na chaneli inanyamaza. Neva haiungui. Hapo kapasita ilifanya kazi tuliyomwekea.

Matokeo

Kwenye nyota, vipigo vya kinyume vilizama chini ya kelele ya osiloskopu. Kwenye beseni, bodi ya tatu ilifanya kazi siku 60 chaneli zote zikiwa zimewaka, ukiacha saa ambazo umeme ulikatika na maji yakapoa. Chaneli ya sita ilianza kuvuja mkondo wa moja kwa moja siku ya 41. Tulipokata tulikuta ufa mwembamba kwenye kapasita ya kauri, karibu na ukingo wa bodi, mahali ambapo bodi ilipinda wakati wa kufunikwa. Kapasita zote zimehamishwa kutoka ukingoni.

Kifaa bado si cha kupandikizwa, na hakitakuwa karibuni. Usafishaji wa vijidudu, uthibitisho wa miaka mingi ya kukaa mwilini, kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) viko mbele kabisa ya hapa tulipo.

Uchambuzi

Mchoro haukuwa na kosa ukiutazama chaneli kwa chaneli. Mimi niliutazama hivyo kwa sababu umechorwa hivyo: kisanduku kimoja chenye maandishi "×8". Kisanduku hicho kilituficha kitu kimoja ambacho hakijarudiwa mara nane, mwili. Siku hizi mchoro wowote unaokuja mezani kwangu lazima uwe na nyota ya rezista imechorwa ndani yake, na anayeuwasilisha aonyeshe kwa kalamu mkondo wa pigo moja unavyorudi, swichi zote zikiwa katika hali halisi ya wakati huo.

Kuhusu unyevu, ushahidi wa kuupinga ulikuwepo tangu saa ya kwanza. Uvujaji wa maji huanza kidogo, hukua kwa saa na siku, hubadilika na joto, na hauchagui chaneli kwa usawa. Tulichokiona kilikuwa kilekile kwenye chaneli zote, kimefuata zamu za mapigo kwa unyoofu, na hakikusogea kwa siku ishirini na moja. Tulikipima kila asubuhi na kuandika namba ileile, na kutobadilika kwake hakukutushtua. Ilitokea tu kwamba kipimo cha kwanza cha chaneli zote kilifanyika baada ya kutumbukiza, hivyo tukayabebesha maji lawama. Kama tungewasha zote nane juu ya meza kabla ya kufunika, tungeokoa bodi mbili. Kipimo hicho kilikuwa kimewekwa mwisho wa ratiba kwa sababu ni kirefu.

Kilichofanya kazi ni kukataa mwili hata wa mnyama kabla ya wakati, na kapasita moja kwa kila chaneli, ambayo mhandisi kijana aliipigania pale nilipomwambia itachukua nafasi. Na kilichofanya kazi zaidi ni kwamba mama yule hakuona haya kuuliza.

Alipoelezwa matokeo ya swichi iliyokwama, alifurahi kuhusu neva, kisha akauliza: chaneli ya goti ikinyamaza ndani ya sekunde moja, kijana akiwa amesimama, anaangukia wapi? Hatukuwa na jibu siku hiyo. Tulilolileta wiki mbili baadaye ni kugawa msuli wa kunyoosha goti kwa chaneli mbili kila mguu, ili moja ikinyamaza nyingine ishike mpaka akae. Hizo ni chaneli kumi, zamu za milisekunde 3.3, na majirani tisa wa kuwachunga. Fundi ameanza kulehemu nyota mpya yenye miguu kumi na mmoja.